Shombo isiyokatika kwa ndimu

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Tanga, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka minne. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na harufu ya shombo huko chini. Inazidi baada ya tendo la ndoa na siku mbili tatu baada ya hedhi. Uchafu unaotoka ni mwepesi, rangi ya majivu, hauwashi. Najisafisha sana: kidole na maji kama nilivyofundwa, halafu sabuni ya maji, na siku hizi ndimu. Rafiki yangu kanipa na shabu. Duka la dawa waliniambia ni UTI sugu, nimekunywa Flagyl mara nne, kila mara vidonge kumi. Inaisha wiki mbili, inarudi. Sasa dada mmoja wa mtandaoni ananiuzia dawa ya kusafisha kizazi shilingi 85,000, anasema nisipoitumia sitazaa tena. Wengine wanasema nipake mtindi. Mume wangu hasemi kitu, ila analala kageukia ukutani. Yeye ndiye ananiletea? Au mimi ni mchafu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo swali fupi uliloliacha mwishoni, maana naona ndilo lililokufanya uandike. Wewe si mchafu. Kwa maelezo yako unajisafisha kuliko wanawake wengi ninaowapokea, na sehemu ya tatizo imekaa humohumo kwenye kujisafisha.

Sijakupima, kwa hiyo nakisia, ila nakisia nikiwa nimeshaisikia hadithi hii mara nyingi. Shombo inayopanda baada ya tendo na baada ya hedhi, ute mwepesi wa kijivu, hakuna muwasho: hayo yananielekeza kwenye hali inayoitwa vajinosisi ya bakteria. Fangasi hawanuki hivyo. Wao huwasha mpaka usingizi unakimbia, na uchafu wake huwa mzito, mweupe, wa mabonge kama maziwa yaliyokatika. Trikomona, kimelea cha zinaa, huweza kunuka, lakini mara nyingi huja na muwasho na uchafu wa njano au kijani wenye povu. UTI nayo ni ya njia ya mkojo: unakwenda msalani kila saa, mkojo unachoma, kinena kinauma. Wewe hujataja hata kimoja. Na kama unadhani uko peke yako, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 23 hadi 29 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wana vajinosisi, wengi wao bila dalili yoyote. Ukipanda daladala yenye akina mama 20, watano hivi wanayo.

Uke wa mwanamke aliyevunja ungo haukai mtupu. Umejaa bakteria, na wanaotakiwa kutawala humo ni jamaa wanaoitwa laktobasili, ndugu wa karibu wa wale wanaogandisha maziwa. Daktari wa Kijerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Kazi yao ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kugandisha maziwa kwenye kibuyu. Homoni ya estrojeni huzifanya kuta za uke ziweke akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Sukari hiyo ikishavunjwavunjwa, laktobasili huila na kutoa asidi ileile inayochachua mtindi. Uchachu unapanda, wageni wanashindwa kukaa, kama vile maziwa mgando yasivyoharibika upesi kama maziwa mabichi.

Maabara tunaupima uchachu huo kwa namba za pH. Maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo kitu kinavyozidi kuwa kichachu. Uke wenye afya uko kati ya 3.8 na 4.5, karibu sawa na mtindi. Damu iko 7.4. Shahawa ziko kati ya 7.2 na 8. Sabuni ya mche inafika 9 au 10. Ziangalie vizuri namba hizo, maana ndizo zinazoeleza kwa nini harufu yako ina ratiba.

Laktobasili wanapopungua, nafasi yao huchukuliwa na mchanganyiko wa bakteria wasiopenda hewa, Gardnerella akiwa ndiye maarufu zaidi. Mchanganyiko huo hutoa kemikali za jamii ya amini, na mojawapo, trimethilamini, ndiyo inayomfanya samaki wa jana anuke shombo. Kwa hiyo pua yako haikudanganyi, ni kemikali ileile. Palipo na uchachu, amini hugeuka chumvi isiyoruka hewani. Ikija damu au zikija shahawa, uchachu unazimwa, amini zinaachiwa, harufu inapaa. Na ndiyo maana ndimu inaonekana kukusaidia: unafanya ukeni kile unachomfanyia samaki changu kabla ya kumtia kikaangoni. Shombo inakatika kwa saa chache. Lakini changu amekufa, hana tena cha kuungua. Ngozi laini ya uke inaungua na kuchubuka, na waliotoa harufu bado wamo, wanasubiri ndimu ikauke.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata watu wa fani yetu, nalo ni kuitafuta hali hii kama ugonjwa wa mdudu mmoja. Mwaka 1955 huko Marekani, daktari Herman Gardner na mwenzake Charles Dukes walitangaza kwamba wamempata mhalifu, yule bakteria ambaye leo anaitwa kwa jina la Gardner. Walimpandikiza akiwa peke yake kwa wanawake 13 wenye afya, akaugua mmoja. Walipochukua ute mzima wa wagonjwa na kuuweka kwa wanawake wengine 15, wakaugua 11. (Utafiti wa namna hiyo leo hakuna kamati ya maadili itakayouruhusu, na ni haki.) Mwizi mmoja ungemkamata, yakaisha. Hapa mtaa mzima umebadilisha wakazi, na kuurudisha kunachukua muda.

Sasa hilo la kidole na maji. Najua nagusa jambo zito, maana ulifundwa. Nami nilifundwa. Kungwi wangu, Mungu amrehemu, alituonyesha kwa kidole cha kati na kopo la maji, na neno lake lilikuwa kwamba mwanamke asiyejikosha ndani mumewe atahama chumba. Alitufundisha mengi ninayoyashukuru hadi leo. Hilo moja alikosea, na hakuwa na namna ya kujua: hakuwa na hadubini ya kumwonyesha kwamba kila kidole kinachotoka kimewabeba walinzi. Ukimwaga maji ndani unauchuja uchachu. Ukitia sabuni unaupandisha uke kutoka 4 kwenda kwenye namba ambazo Gardnerella anazipenda. Harufu inaongezeka, unaosha zaidi, inaongezeka tena. Uke hujisafisha kwa ute wake wenyewe. Kinachohitaji maji ni nje, mashavu na mikunjo yake, kwa kiganja, kutoka mbele kwenda nyuma, basi. Akina dada wa Kiislamu huniuliza kuhusu josho la janaba. Waliosoma dini wananiambia linahusu sehemu ya nje inayoonekana mwanamke anapochuchumaa. Muulize ustadhati wako, nadhani utapata jibu hilohilo.

Hapa karibu yetu, Mombasa, watafiti waliwafuatilia kwa miaka kumi wanawake 1,270 waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona. Waliokuwa wakijiosha ndani kwa maji walipata VVU zaidi ya mara 2 kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni au vitu vingine karibu mara 4. Nisikutie hofu kuliko inavyostahili. Maisha ya wanawake wale yalikuwa na hatari ambazo wewe huna, na anayejiosha sana huenda anatofautiana na mwenzake kwa mengine pia. Takwimu za nchi nyingi za Afrika zilipokuja kuunganishwa, athari ya sabuni ilionekana kuwa ndogo kuliko ile ya Mombasa, ila haikutoweka. Sababu inaeleweka: uke uliokosa laktobasili una uvimbe mdogomdogo usiouona, na seli ambazo VVU huzitafuta hukusanyika hapo. Shabu ndiyo naiogopa zaidi. Inakaza kwa kuikausha ngozi, na ngozi kavu ikisuguliwa inachanika. Hiyo itupe leo.

Kisa kingine kinachonifanya niwaheshimu wadudu hawa ni cha Afrika Kusini. Kulikuwa na jeli ya tenofovia ya kupaka ukeni ili kuzuia VVU. Kwa wanawake waliotawaliwa na laktobasili ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61. Kwa wasio nao, asilimia 18 tu. Mwaka 2017 ilijulikana kwa nini: Gardnerella alikuwa anaila dawa kabla haijaingia kwenye ngozi. Kama unatumia vidonge vya PrEP, vile vya kujikinga na VVU, usihofu. Hivyo hupita kwenye damu, na ulinzi wake uliangaliwa kwa wanawake wa Kenya na Uganda ukaonekana hauharibiwi na vajinosisi.

Tuje kwenye Flagyl. Dawa yenyewe, metronidazoli, ni sahihi kwa hali hii, na uzuri wake ni kwamba haiwasumbui sana laktobasili. Tatizo ni namna ulivyoinywa. Dozi ya kawaida ni miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, siku 7. Vidonge vingi vya madukani ni vya miligramu 200, kwa hiyo dozi nzima ni vidonge 28. Wewe ulipewa kumi. Umeinywa dawa mara nne na hujawahi kuimaliza hata mara moja. Kunywa nusu dozi huwanyamazisha walio juu, na walio chini wanabaki, kwa sababu Gardnerella hujijengea utando unaonata kwenye kuta za uke, na wenzake hujificha humo. Hata kwa dozi kamili nikuambie ukweli: zaidi ya nusu ya wanawake hurudiwa ndani ya mwaka. Usishangae basi ikirudi hata baada ya kufuata kila nilichokuandikia.

Mama mmoja aliwahi kunimwagia mkoba wake mezani. Vilitoka vipande vya karatasi za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, Flagyl, doksi, sipro, flukonazoli moja moja, na chupa ya unga wa kahawia isiyo na jina. Tulikaa tukavipanga kwa miezi. Mwaka na nusu, na hapakuwa na dozi hata moja iliyokamilika. Vipande viwili kati ya vile vilitokana na maandishi yangu mwenyewe, ya siku ambayo foleni ilikuwa ndefu nikamsikiliza dakika tatu nikaandika bila kumpandisha kitanda cha uchunguzi. Kutibu kwa kusikiliza dalili peke yake ni utaratibu unaokubalika pale pasipo na maabara, na umeokoa wengi. Lakini mtu akirudi na dalili zilezile mara ya pili, kumwandikia tena bila kumtazama ni uvivu. Nilimwomba radhi.

Na hilo jina, "UTI sugu", ningependa lipumzike. Mara nyingi mwanamke mwenye uchafu ukeni akikinga mkojo, ute huchanganyika nao, maabara inaona seli za usaha, anaandikiwa dawa ya mkojo. Dawa hizo nyingi zinawaua laktobasili. Wakiondoka wao, vijidudu vya haja kubwa vinapata njia nyepesi ya kufika kwenye kibofu, na safari hiyo UTI ya kweli inakuja.

Mtindi unywe, ni chakula kizuri. Kuupaka ukeni hakuna maana. Bakteria wake ni binamu tu wa wale wa ukeni, hawajui kuishi humo, na mtindi wa kienyeji unaweza kuwa na hamira zake ambazo hutaki kuzipeleka huko. Vitunguu saumu vilevile, na hivyo vinachoma. Wazo la kurudisha walinzi lenyewe si la kipuuzi. Marekani walijaribu unga wenye laktobasili halisi wa ukeni, aina ya krispatasi, unaowekwa ukeni baada ya dozi ya metronidazoli. Matokeo yalitoka mwaka 2020: ndani ya wiki 12 walirudiwa 30 kwa 100, na 45 kwa waliopewa unga mtupu. Ni hatua, haijafika kwenye tiba, na si kitu kilichomo kwenye vidonge vinavyouzwa na watu mtandaoni kwa jina la probayotiki. Kwa shida hii yako nisingekushauri uvinunue.

Mumeo. Mimi nilisoma kwamba mume hahitaji dawa, na kwa miaka mingi niliwajibu wanawake hivyo, kwa sababu majaribio ya kuwapa wanaume vidonge hayakuleta tofauti. Machi 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walitubadilishia somo. Waliwachukua jozi 164 za wapenzi, kila mmoja akiwa na mwenzake tu. Nusu ya wanaume walipewa metronidazoli ya kunywa pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka kwenye uume, siku 7, wakati mke naye anatibiwa. Ndani ya wiki 12, kwa wanawake ambao wanaume wao walitibiwa hali ilirudi kwa 35 kwa 100, na kwa wale ambao wanaume wao hawakutibiwa ikarudi kwa 63. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kwa hiyo ndiyo, bakteria hawa hukaa chini ya govi na kwenye njia ya mkojo ya mwanamume, yeye hana dalili, na wanarudi kwako. Hiyo haina maana kwamba ametoka nje, wala kwamba wewe umetoka. Mnaweza kupokezana wadudu wenu wenyewe miaka na miaka. Kama kuna mke mwenza, hesabu inabadilika; mwambie anayekutibu bila kuficha. Nenda na mumeo kama atakubali. Wanaume wengi wakielezwa kwamba kuna krimu na kazi ya kufanya hugeuka upesi kutoka ukutani. Mkiwa kwenye dawa mpumzike, na miezi michache ya kondomu baada ya hapo inasaidia, maana shahawa hazitakuwa zinauzima uchachu unaojijenga.

Nina swali moja kwako ambalo hukulitaja: una kitanzi? Kile cha shaba huambatana na vajinosisi zaidi. Usikimbilie kukitoa, kitaje tu.

Ile dawa ya shilingi 85,000 usinunue. Kizazi hakisafishwi kwa sababu hakichafuki, hedhi inajitosha. Na kitisho cha utasa kimetiwa chumvi ili mkono uende mfukoni. Wanawake wengi wenye vajinosisi wanapata mimba kama kawaida. Ukweli uliomo ndani ya kitisho hicho ni huu: vajinosisi inaweza kurahisisha maambukizi kupanda juu kwenye mirija, na ukiwa na mimba inaongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Wanaoziba mirija hasa ni klamidia na kisonono, na hao huweza kukaa kimya bila harufu wala uchafu. Kama unataka mtoto wa pili, omba upimwe hao pia, pamoja na kaswende na VVU.

Usisubiri, nenda siku hiyohiyo, ukipata homa na maumivu ya kinena, ukitokwa na damu isiyo ya hedhi, ukiumia ndani wakati wa tendo, ukitoka vidonda, au ukigundua una mimba. La sivyo tafuta siku ya wiki hii, kituo chenye hadubini na mtu atakayekupandisha kitandani. Atatazama ute, atagusisha karatasi ya pH, ataweka tone la ute chini ya hadubini kutafuta seli zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani. Si vipimo vya gharama kubwa. Akikwambia "ni UTI" bila kukutazama, mwombe kwa adabu akutazame.

Asubuhi ya kwenda usinawe ndani, usiweke chochote, na usiku wa kuamkia siku hiyo msikutane. Kama uko kwenye hedhi, ngoja iishe. Usinywe Flagyl ya kujipoza kabla. Najua utajisikia vibaya kwenda mbele ya mtu ukiwa unanuka, na utatamani japo kopo moja la maji. Liache. Mojawapo ya vipimo vyetu ni kudondosha tone la dawa kwenye ute huo na kuunusa.